Barua ya wazi kwa kamati za hija ya Namugongo: tuingizeni ndani ya nyumba

Tumsifu Yesu Kristo.

Mapadre walezi, mwenyekiti, mama mweka hazina, na ninyi wanakamati ambao kila mwaka mnahangaika na mabasi, hati za kusafiria na sufuria za wali: naandika kwa heshima, nikijua kazi yenu si ndogo. Nimesafiri nanyi mara tatu. Naandika hadharani kwa sababu nilipoyasema haya kwenye kikao baada ya misa niliambiwa "tutaliangalia", na sote tunajua "tutaliangalia" hulala wapi. Parokia yetu siitaji. Nimeongea na mahujaji wa parokia nyingine, wa Kagera, wa Mwanza, hata wa Kisumu, na wengi wananiambia hayo hayo.

Mnatupeleka Namugongo, kule Uganda walikochomwa mashahidi, ila hamtuonyeshi nyumba ya Namugongo.

Ratiba ya mwaka huu bado ninayo, imekunjwa ndani ya kitabu cha sala. Kuondoka Bukoba saa 10 alfajiri, tarehe 2 Juni. Mutukula, foleni ya mpakani. Masaka. Lukaya, kuku na gonja (ndizi za kuchoma), dakika 45. Kayabwe, picha kwenye lile duara la ikweta, dakika 40, ambazo zilikuwa saa nzima maana kila mtu alitaka mguu mmoja kaskazini na mwingine kusini. Kampala jioni, kulala uwanjani. Tarehe 3 misa kando ya ziwa, kuchota maji, kupanda basi. Kanisa lenyewe, ile basilika, halimo kwenye karatasi. Wengi wetu tuliliona kwa mbali, katikati ya miavuli.

Tukiwa njiani kurudi, karibu na Mpigi, kijana mmoja nyuma yangu akasema: "Hawa Waganda, na hija yote hii, wameshindwa kujenga kanisa la maana? Lile si kibanda tu? Kibanda kikubwa cha bati." Basi zima likacheka. Hakuna aliyemjibu, nami nilikuwemo. Mimi ni fundi wa paa, huu ni mwaka wa 26 naezeka, na sikuwa na la kusema. Jambo hilo lilinikera hadi Agosti nikafunga safari mwenyewe, nikamchukua na shangazi yangu, siku ya katikati ya wiki isiyo na watu.

Shangazi ana miaka zaidi ya 80 na anatembelea mkongojo. Tulipopita geti alisimama, akainua uso, akanyamaza kitambo. Kisha akasema, kana kwamba kakutana na mtu wa kwao mjini: "Kumbe ni mushonge."

Yeye alizaliwa ndani ya mushonge, nyumba ya msonge ya Kihaya ambayo nyasi zake hushuka kutoka kileleni mpaka karibu kugusa ardhi. Ukiitazama kwa nje huoni ukuta ukaishia hapa na paa likaanzia pale. Yote ni paa. Waganda nao wana msonge wao, wanauita akasiisiira, na huo ndio aliouchukua mchoraji wa basilika. Shangazi hakuhitaji kuelezwa. Alichouliza ni kimoja tu: "Nyasi wamepeleka wapi?"

Swali zuri sana hilo, na ndilo ningependa mlijibu kwenye basi mwakani.

Mchoraji ni Justus Dahinden, msanifu majengo wa Uswisi, wa mji wa Zürich, aliyezaliwa mwaka 1925 na kufariki 2020. Alikuwa mmoja wa wale wasanifu wa kisasa wa karne ya 20 walioamini kwamba mifupa ya jengo ndiyo pambo lake, kwa hiyo hakuna sababu ya kuificha kwa plasta na maua ya jasi. Ndiyo maana ukifika Namugongo kitu cha kwanza kinachokupiga macho ni mifupa. Nguzo 22, kila moja ikiwa na urefu wa zaidi ya futi 100, zimevalishwa shaba, zinatoka chini pande zote na kupanda zikilala hadi kukutana juu. Hazikuwekwa kwa urembo. Zinabeba. Ukiziondoa hakuna kanisa.

Kwa wenzangu wa kazi: hebu fikirieni kenchi za nyumba ya kawaida, halafu mzizungushe badala ya kuzipanga mstari. Nguzo zilizolala hivyo hushikana kichwani, lakini miguuni kila moja inataka kuteleza kwenda nje. Mjenzi wa msonge huizuia tabia hiyo kwa pete za fito, moja juu ya nyingine. Mhandisi wa zege na chuma huizuia chini kwenye msingi. Hesabu ni ile ile, na bibi zetu waliijua bila kalamu.

Nilishika nguzo moja kwa kiganja. Ilikuwa ya baridi, ingawa jua lilikuwa limeshapanda. Mimi naezeka bati la geji 28, likifika miaka 15 naitwa kuja kulibadilisha, tena wakati mwingine naitwa baada ya minane. Shaba haiko hivyo. Shaba haipakwi rangi. Yenyewe hubadilika, kutoka wekundu kwenda kahawia, na kwa miaka mingi ya mvua ikaelekea kijani, na ule utandu wa juu ndio unaoilinda. Adui wake ni fundi mvivu: ukiiacha iguse chuma kitupu pakapita maji katikati, chuma kinaliwa kimya kimya. Kwa hiyo yule kijana aliyesema "bati" alikosea kwa mbali. Ila simlaumu. Angejuaje?

Sasa hesabu. Nguzo ni 22 kwa sababu mashahidi Wakatoliki wa Uganda ni 22. Hilo wengi wanalijua na linaimbwa. Lisilosemwa ni kwamba si wote 22 waliofia hapo. Tarehe 3 Juni 1886 walioteketezwa Namugongo kwa upande wetu walikuwa 13: Karoli Lwanga na wenzake 12, akiwemo Kizito, kijana wa miaka 14, na Mbaaga Tuzinde ambaye mkuu wa wauaji, Mukajanga, alikuwa ndugu yake. Waanglikana waliochomwa siku hiyo wana mahali pao jirani, na ni vizuri tukafika huko pia. Wale tisa waliobaki walifia kwingine. Yosefu Mukasa Balikuddembe aliuawa Nakivubo tarehe 15 Novemba 1885, baada ya kumkemea Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, kwa kumuua Askofu Hannington wa Waanglikana. Andrea Kaggwa aliuawa Munyonyo. Matia Mulumba alikatwakatwa viungo na kuachwa afe peke yake pale Kampala ya zamani. Nowa Mawaggali alifia Mityana. Yohana Maria Muzeeyi alikuwa wa mwisho, Januari 1887, akakatwa kichwa Mengo na mwili wake kutupwa kwenye kinamasi.

Jengo limefanya kitu ambacho kitabu cha historia hakiwezi. Limewatoa huko kote walikotawanyika, likawasimamisha kwenye duara moja, na kuwabebesha paa moja. Altare iko pale panapoaminika kuwa Lwanga alichomwa, polepole, kuanzia miguuni, kando na wenzake. Ukikaa kwenye benchi, na mabenchi yamepangwa kwa upinde kuizunguka altare, hakuna anayekaa nyuma kabisa kama mtoto aliyechelewa. Kanisa linachukua watu wapatao 1,000, na bado unamwona padre usoni. Shangazi alikaa, akavua viatu, akaanza kuhesabu. Alihesabu mara mbili na kila mara akapotea, maana duara halina mwanzo. Mwishowe akaniuliza: "Huyo wa kwenye kinamasi ni ipi?" Nikamwambia achague. Akachagua iliyo karibu na mlango tulioingilia, tulipotoka akasimama akaishika.

Hiyo duara haikuja hivi hivi. Mashahidi hawa walitangazwa watakatifu na Papa Paulo VI tarehe 18 Oktoba 1964, Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ule mkutano mkuu wa maaskofu wa dunia nzima, ukiwa bado unaendelea. Mwaka mmoja nyuma, Desemba 1963, mtaguso ulikuwa umepitisha hati ya liturujia, ile iliyotaka waamini washiriki misa badala ya kuitazama kama watu waliokuja kwenye maonyesho. Wazee wetu wanakumbuka: padre aligeuka akatuelekea, Kilatini kikapisha lugha zetu. Pamoja na hayo yote, wasanifu dunia nzima walijikuta wanaulizwa swali jipya: watu wakikusanyika kuizunguka meza, jengo liwe na umbo gani? Ulaya walihangaika sana na swali hilo, maana makanisa yao yalikuwa marefu kama treni. Afrika jibu lilikuwa limesimama kila kijiji, limefunikwa nyasi, na moto wake katikati. Dahinden aliliona. Wengine wetu tuliozaliwa humo hatukuliona, tulikuwa tunatamani minara.

Papa Paulo VI alifika Namugongo mwenyewe tarehe 2 Agosti 1969, katika safari ya kwanza ya Papa aliyeko madarakani kuja Afrika katika nyakati hizi. Kampala ilikuwa chini ya Askofu Mkuu Emmanuel Nsubuga, ambaye baadaye alikuwa kardinali. Kisha mambo yakageuka. Januari 1971 Idi Amin akachukua nchi, 1972 akawafukuza Waasia, maduka yakafungwa, vifaa vikawa shida. Mtu wa ujenzi akisikia hivyo anajua maana yake: msumari unautafuta wiki nzima. Kanisa likakamilika hata hivyo, na tarehe 3 Juni 1975 Kardinali Sergio Pignedoli, mjumbe wa Papa, akalizindua. Yohane Paulo II alifika Februari 1993 na mwaka huo likapewa hadhi ya basilika ndogo. Fransisko alikuja Novemba 2015. Hayo ya mapapa mnayatangaza vizuri kwenye basi, sina ugomvi nayo.

Lakini kuna jambo ambalo sijawahi kulisikia kwenye kipaza sauti chenu, nalo ndilo lililonikosesha usingizi nikiwa kwenye nyumba ya wageni pale Kyaliwajjala.

Kabaka Mwanga, aliyeamuru wauawe, amezikwa Kasubi, kilima kingine cha Kampala. Alipinduliwa, akapelekwa uhamishoni Shelisheli, akabatizwa huko huko na Waanglikana, akafa 1903, na mwaka 1910 mabaki yake yakarudishwa nyumbani. Amelala na baba yake Muteesa wa Kwanza ndani ya Muzibu Azaala Mpanga, nyumba kuu ya makaburi ya wafalme. Na nyumba hiyo ni msonge. Ni mkubwa kuliko wote, nyasi zake zinakaribia ardhi, na ndani dari lake lina pete 52 kwa ajili ya koo 52 za Buganda. Iliungua usiku wa tarehe 16 Machi 2010, Waganda wakalia barabarani, wakaijenga tena.

Kwa hiyo aliyeua na waliouawa wote wamewekwa kwenye nyumba ya umbo moja. Wale vijana walikuwa wahudumu wa kasri. Walikula na kulala kwenye nyumba za aina hiyo, na mfalme aliyewageuka alikuwa wa kwao. Kama wangejengewa kanisa lenye minara miwili na madirisha ya ncha lingekuwa zuri pia, sikatai, ila lingesema wamehamia Ulaya walipokufa. Msonge unasema wamebaki nyumbani. Mnisamehe kama nimeingia kwenye mahubiri, hiyo si fani yangu. Ninachojua ni paa, na paa hilo linasema hivyo.

Najua kuna atakayeuliza: sasa Mzungu wa Uswisi ndiye wa kutuchorea sisi msonge? Nimelifikiria. Lipo la kunung'unikia hapo, kwamba wakati huo kazi kubwa kama hii haikukabidhiwa mkono wa Mwafrika. Lakini Dahinden hakuja na paa la kulala kwa sababu aliona Waafrika. Huko kwao Zürich, kando ya ziwa, alijenga jengo la ofisi lenye umbo la piramidi, kuta zote zimelala. Ndivyo mkono wake ulivyokuwa. Tena hakunakili. Mityana, nyumbani kwa Nowa Mawaggali, alichora kanisa jingine la mahujaji mwanzoni mwa miaka ya 1970, na hilo halifanani kabisa na la Namugongo: ni vipande vitatu vya tufe, kama chungu kilichopasuliwa, rangi ya udongo wa kuchoma. Mityana haiko mbali na Kampala. Hakuna basi letu lililowahi kukata kona kwenda huko.

Mashariki mwa Ufaransa, kwenye kilima cha Ronchamp, kuna kanisa dogo la mahujaji lililochorwa na msanifu mashuhuri Le Corbusier na kuzinduliwa tarehe 25 Juni 1955, lenye paa zito la zege ambalo mwenyewe alisema alilipata kwa kutazama gamba la kaa. Watu huvuka bahari kwenda kulitazama, wakiwemo wasiosali, na mwaka 2016 liliingizwa kwenye Urithi wa Dunia. Sisi tunasafiri karibu kilomita 300, tunalala kwenye umande pembeni ya jengo la ukoo huo huo wa kisasa, tunachota maji na kuondoka bila kuinua shingo.

Sasa ombi langu, na sitaki liwe gumu.

Ongezeni siku moja. Tukifika tarehe 1 Juni asubuhi, kabla umati haujafurika, au tukibaki hadi tarehe 4, tunaweza kuingia kwa zamu, basi moja moja, saa moja tu. Tukae. Pasiwe na mahubiri wala matangazo ya nani kapoteza simu. Gharama ya kulala usiku mmoja zaidi nimeipiga: ni chini ya bei ya fulana na vitenge vya hija mnavyotuuzia kila mwaka, na ninazo fulana tatu, moja nadekia gari. Kama siku haiongezeki, punguzeni ikweta. Ikweta haihami.

La pili, aelezwe mtu ajue kueleza, na iwe kwa Kiswahili. Uongozi wa basilika unapokea watu wa lugha nyingi na una kazi yake. Watu wetu ni juu yetu kuwaandaa. Tena Kiswahili hapo si mgeni. Wamisionari wa kwanza walipitia pwani na Unyanyembe (Tabora), na kabla Luganda hakijapata vitabu vyake, wasomaji wa mwanzo kasrini waliyapata maandiko kwa Kiswahili. Padre Lourdel, waliyemwita Mapera, na wenzake walipoondoka Buganda mwaka 1882 walijihifadhi Bukumbi, hapa hapa kwetu kusini mwa Ziwa Victoria. Kwa hiyo mhujaji wa Mwanza akielezwa nyumba ile kwa Kiswahili anaelezwa habari ambayo nusu yake ilipita mlangoni kwake.

La tatu ni dogo, na huenda likawaudhi baadhi yenu. Kamati ya ujenzi ya kigango chetu ina ramani ya kanisa jipya, nimeiona ukutani ofisini. Madirisha ya ncha, nguzo za mviringo za jasi ambazo hazibebi chochote, dari la plastiki jeupe. Kabla hamjaanza kuchimba msingi, wachukueni wanakamati hao watano mkawakalishe Namugongo asubuhi moja. Sisemi tujenge msonge. Nauliza tu, hizo nguzo za jasi ni za nini? Nitakayepanda juu kuezeka ni mimi, nina haki ya kuuliza.

Nimesikia kikao cha kwanza cha hija ya mwakani ni Jumapili ya pili ya Januari, baada ya misa ya pili. Nitakuja. Siombi kiti cha mbele wala posho. Nipeni kipaza sauti cha basi kuanzia Masaka hadi Kampala, karibu saa tatu, pamoja na foleni. Majina yote 22 nimeshayakariri, na Luganda yangu mbovu shangazi ameirekebisha. Naye amesema anakuja, mkongojo na yote. Mwekeeni nafasi karibu na mlango, maana ana nguzo yake ya kwenda kuangalia.

Fundi wenu wa paa,
wa jumuiya ya Mtakatifu Kizito